Bi Sakina Aingia Klabu ya Waingereza

Johannesburg, Julai 2011

Dada Neema mpenzi,

Baridi ya huku inauma masikio, lakini nina jambo la kukusimulia. Kaka Elia husali na Wakongo katika jengo la kale hapa mjini, lenye paa la mwinamo mkali, dohani ya kutolea moshi, na mbao nyeusi zilizokatiza kuta nyeupe. Zamani lilikuwa klabu ya Waingereza.

Nilimsimulia Bi Sakina, bibi wa Kihindi anayetuuzia sambusa mtaa wa Fordsburg. Alizaliwa mji wa milimani kule India, akaolewa Mombasa, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Aliniuliza maswali mpaka sambusa zikaungua: "Madirisha yana vioo vidogo vidogo? Na baraza, je?" Kwao ilikuwapo klabu kama hiyo, na Wahindi walioingia walikuwa watumishi tu. Utotoni alipita nje kila siku, akiwaza mle ndani kuna nini.

Basi jana, Jumapili, tulimchukua. Mlangoni akasita. Mama mmoja wa Lubumbashi akamshika mkono: "Ingia tu, mama. Usiogope, hapa ni kwetu."

Akaingia kwaya ikiimba. Akapapasa ngazi, akachungulia mekoni mwa dohani, akatazama dari muda mrefu. Nilidhani atalia. Akaninong'oneza, "Kumbe ni padogo hivi!" Tukacheka mpaka Kaka Elia akatukazia macho.

Mbusu Mama, umfunike vizuri usiku. Nawakumbuka kila nikitia chai kikombeni.

Mdogo wako,
Upendo