Tovuti ya Picha za Baba Mdogo

Mugumu,
14 Januari 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko Matongo? Mama mdogo hajambo? Huku kwetu tu wazima, isipokuwa mwanangu Gift amekohoa wiki nzima na mimi nimekohoa naye. Tunasukuma siku.

Bahasha uliyompa konda Ezekiel imefika salama, picha themanini na mbili, hakuna iliyolowa. Nimeanza kuziskani hapa hapa steshenari kwangu, wateja wakipungua. Nyuso zile zimenirudisha nilipokuwa na miaka tisa, kabla watu wa kitongoji chetu hawajahama kupisha mgodi. Sasa wengine wako Sirari, wengine Musoma, na mpiga picha wao ni wewe tu, kila siku wanakupigia kuuliza, "Simioni, ile picha ya mama bado unayo?" Ndiyo maana naelewa unavyotaka ziwekwe mtandaoni, kila mtu ajitazamie.

Ila lazima kwanza tuchague pa kuziweka, na hapo ndipo kichwa kinaniuma. Kuna Blogspot, ni ya bure, unafungua leo na leo unaandika, lakini anwani inabeba jina lao, na kila unachoweka leo kinakaa juu, cha jana kinasukumwa chini. Kuna WordPress, nayo ina ya bure na ya kulipia. Ukilipia unapata jina lako mwenyewe na unapanga unavyotaka, ila kila mwaka ulipie tena. Wengine wananiambia nifungue ukurasa wa Facebook nimalize. Wewe unaonaje? Niambie mapema, maana sipendi kufanya kazi mara mbili.

Mwanao,
Ghati


Matongo,
25 Januari 2024

Mwanangu Ghati,

Marahaba. Poleni na kikohozi, mchemshie mtoto tangawizi. Sisi hatujambo. Ng'ombe wamebaki watatu, na kwa usumbufu wananitosha.

Umeniuliza mambo makubwa. Mimi nilijua studio moja tu, ile yenye pazia la maua na kiti kibovu. Nitakachosema ni hiki: mtu wetu aliyehamia Nyanungu mwenye simu ya bei ndogo na mtandao wa kusuasua afungue aone. Asiulizwe nywila. Na chini ya picha pawe na jina. Picha isiyo na jina ni ya mtu yeyote.

Hapo sasa kuna tatizo. Nimepiga picha miaka thelathini na nne na sikuandika jina nyuma ya hata moja. Ningeandika ya nini? Kila mtu nilimjua, na mwenye picha alikuja kuichukua na uso wake. Leo jicho la kulia limezima. La kushoto daktari anasema ni presha ya macho, matone yanachelewesha tu, na kilichopotea hakirudi. Naona katikati, kama ninachungulia kwenye tundu la ufunguo.

Sikwambii haya ili ulie. Majina yote ninayo kichwani, lakini jina haliji mpaka niione sura. Kwa hiyo popote utakapochagua, chagua haraka, na hizo picha zirudishe kwa Ezekiel niziandike.

Baba yako mdogo,
Simioni


Mugumu,
22 Februari 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Habari za macho? Nimesoma barua yako nikafunga duka mapema siku ile. Pole sana.

Umeme hapa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua anataka nini. Mchana kutwa nachapa barua za maombi ya kazi za watu wengine, nikimaliza macho yananiwasha, ndipo naanza yako. Nimemuuliza Isack, yule fundi kompyuta wa jirani, akasema WordPress. Mteja mmoja mwalimu akasema hapana, ukichelewa kulipia tovuti inakufa na kila kitu, bora Blogspot. Isack akacheka, mwalimu akanuna. Nimefungua zote mbili kwa majaribio. Moja inapendeza lakini ni nzito kwenye simu ndogo, nyingine ni nyepesi lakini ina sura ya tangazo la kiwanja. Nimebadilisha muonekano mara kumi na moja, nimehesabu.

Picha nabaki nazo kwanza. Na nakuomba usiandike majina, baba mdogo. Kwenye Blogspot jina linakuwa kichwa cha habari, kwenye WordPress linaingia kwenye jedwali pamoja na namba. Tukiandika sasa tutaandika tena. Halafu wino wa nyuma unajitokeza kwenye skana, nimejaribu. Subiri nichague, haitazidi wiki mbili.

Mwanao,
Ghati


Matongo,
17 Machi 2024

Mwanangu Ghati,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imeanza vizuri. Gift amepona?

Wiki mbili zimekwisha, na ya tatu imepita ikiwasalimia. Sikulaumu. Najua mtu akichoka hata kuchagua kandambili ni kazi.

Studio nimeifunga. Mwalimu Lusekelo wa shule ya hapa, yule wa kutoka Mbeya, alikuja kupiga pasipoti za uhamisho. Nikamweka vizuri, nikamwambia asitabasamu, nikapiga. Zilipotoka zote nne zina tai na vifungo, kichwa hakuna. Alicheka, akasema huko anakohamia watamtambua kwa tai. Nami nilicheka mbele yake. Alipoondoka nilikaa kwenye kile kiti kibovu mpaka mama yako mdogo akaja kunitafuta. Nimeumia, Ghati, siwezi kukuficha.

Nimempa Ezekiel bahasha tano zilizobaki. Umenikataza kuandika lakini nimeandika ishirini, kwa penseli, ili usilalamike habari za wino. Nimetumia siku tatu. Nyingine nimeziacha kama ulivyosema.

Baba yako mdogo,
Simioni


Mugumu,
5 Mei 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Gift amepona, sasa ni zamu ya paa, linavuja juu ya mashine ya fotokopi.

Nina habari njema kidogo. Zile ishirini zenye majina zimepanda Blogspot. Nimezipanga kwa majina, mtu anagusa jina, picha inatokea. Nimewatumia watu anwani kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji chetu na wengi wameshukuru, wapo waliolia kwa sauti kabisa.

Lakini sijaridhika. Picha ya kwanza niliyoweka sasa iko chini kabisa, asiyejua jina la kugusa lazima ashuke na kidole mpaka achoke. Isack amenionyesha WordPress inavyoweza kutenga kurasa. Nimeamua tunahamia huko, tena kwa jina letu wenyewe. Jedwali litabadilika, kwa hiyo majina yaliyobaki yasubiri kidogo tena. Najua umeshalisikia hilo.

Mwanao,
Ghati


Matongo,
19 Mei 2024

Ghati,

Marahaba. Leo salamu ziwe fupi.

Jana amekuja Selestine kutoka Sirari, kijana wa watu aliyefiwa na mama yake akiwa bado anatambaa. Mama huyo aliolewa kwetu, akakaa miaka miwili, akafa. Baba naye alishafariki, na waliomkumbuka wametawanyika. Selestine hajawahi kuiona sura ya mama yake. Alikuja na mkungu wa ndizi kunishukuru, maana alifungua tovuti yako, akagusa jina Robhi Mwita, na mama akatokea. Ameichapa kubwa, ameitia fremu na kioo, imening'inia sebuleni kwake mwezi huu. Akaja nayo nimwone.

Nikaitoa juani saa sita mchana, maana sasa bila jua hilo sioni sura. Siye, Ghati. Yule ni Robhi Mwita mwingine, mke wa fundi cherehani. Sisi Wakurya majina tunawapa watoto ya bibi na babu, kila mlima una Robhi wake na kila Robhi ana baba anayeitwa Mwita. Wewe unajua hayo, nami najua, na hakuna aliyekumbuka. Kosa ni langu pia, niliandika jina tupu kana kwamba nakuandikia wewe peke yako. Kijana akaifunga fremu kwenye kanga akaniuliza kama ndizi zinatosha.

Nimemwambia mama yake nilimpiga picha, mara moja, nyumbani, nakumbuka siku yenyewe. Yumo katika hizo zilizo kwako. Nikimwona nitamtambua. Basi fanya mambo mawili. Panga watu kwa miji yao ya zamani kule kitongojini, nyumba ya nani inapakana na ya nani, tangu mtoni mpaka kilimani, siyo kwa majina. Na nirudishie picha zangu. Acha kuhama hama. Mimi nimehama mara moja na nimechoka, hawa wafu unawahamisha mara ya pili.

Simioni


Mugumu,
8 Septemba 2024

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa aibu. Habari yako, habari ya mama mdogo? Miezi zaidi ya mitatu sijakuandikia na simu zako mbili sikupokea. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naona jina lako kwenye simu nasema nitapokea kesho nikiwa na kitu cha kumwonyesha.

Mwenye fremu alikuwa mwanaume mtu mzima, baba mdogo, na nilimwaibisha mimi. Tangu siku ile nilijiapiza tovuti hii haitatoka tena na kosa. Nikalipia jina. Nikajenga ukurasa wa kila mji kama ulivyosema, tangu mtoni mpaka kilimani, njia nzima nimeikumbuka kwa miguu ya utotoni. Nikakuta picha zinachelewa kufunguka, nikazipunguza uzito zote upya, moja moja, mia sita na arobaini. Nikaona namba zimeruka, nikaanza tena. Duka nalo nimelihamisha kwa sababu ya lile paa. Kuna siku nililala kichwa kiko kwenye kibodi.

Sasa imekwisha. Ni nyepesi, inafunguka hata kwa simu ndogo ya kitochi yenye intaneti, haina nywila. Nimekurudishia picha zote kwa Ezekiel, kila moja ina namba kwenye kipande cha karatasi. Wewe niandikie tu: namba, jina, mji. Hakuna tena kitakachobadilika.

Mwanao,
Ghati


Matongo,
6 Oktoba 2024

Mwanangu Ghati,

Marahaba, na usiwe na aibu, wewe ni mtoto wangu. Mwandiko huu si wangu. Ni wa Nesi Pudensiana wa zahanati yetu, ananisaidia Jumapili akitoka kanisani. Anakusalimu.

Picha zimefika. Nilizipeleka juani siku ile ile. Nikaona weupe. Nikasubiri siku nyingine, saa sita kamili, nikaona weupe. Lile tundu la ufunguo limeziba kati ya Julai na Agosti. Sikukuandikia, maana na mimi nilikuwa nasema kesho huenda pakafunguka.

Tumejaribu kwa maneno. Nesi anashika picha ananieleza: mwanamke, gauni la maua, mlango wa buluu. Nesi mwenyewe ni mtu wa Bukoba, hamjui hata mmoja, na mama yako mdogo nilimwoa huku baada ya kuhama, naye hawajui. Namuuliza, pua yake ikoje? Anasema ya kawaida. Milango ya buluu ilikuwa minne, maana rangi ile ililetwa dukani siku moja na wote tukanunua. Ukiacha zile ishirini za penseli, katika mia sita na ishirini tumekisia saba, na hizo saba siziapii.

Selestine amekuja Jumapili tatu. Amewatenga wanawake wote wenye umri wa mama yake, mia moja na kumi, anaketi karibu yangu anainua moja moja. "Mzee, ni huyu?" Namwambia sijui. "Huyu je?" Sijui. Ni mpole, hachoki. Mimi ndiye ninayechoka. Nilijua uso ule, Ghati, alikuwa na mwanya na alikuwa anaionea haya kamera, na nikamwambia akicheka nitampunguzia bei, akacheka. Nesi amekagua zote mia na kumi. Wenye mwanya ni kumi na wawili, na kwenye lile kundi lenu la WhatsApp kila aliyeulizwa alitaja mwingine.

Jumapili iliyopita Selestine aliinua moja. Nikasikia anapumua. Akasema, "Huyu ana masikio kama yangu." Nikamwuliza amesimama wapi. Akasema mlangoni. Nikamwambia, "Ndiye."

Nilikuwa sioni kitu chochote. Huenda ndiye. Huenda siye. Alilia akanishika magoti, na mimi sikuweza kumwambia tena sijui. Hapa Nesi ameinua kalamu akaniuliza kama na hili aliandike. Nimemwambia aandike, wewe lazima ujue.

Picha ni namba 417. Iandikie jina lake.

Baba yako mdogo,
Simioni


Mugumu,
13 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Msalimie mama mdogo na Nesi Pudensiana. Sisi wazima.

Picha namba 417 nimeikuza mpaka mwisho wa kompyuta yangu. Masikio yamefunikwa na kilemba. Nimekaa nayo mchana mzima, wateja wananigongea meza.

Ungeyaandika majina yote Februari kwa penseli yako kama nisingekukataza. Hilo nalijua na nitaendelea kulijua, wewe usiniambie pole.

Nimeandika: Robhi Mwita, mama yake Selestine. Nimebonyeza, limeingia.

Mwanao,
Ghati