Leso Nyekundu Kwenye Sufuria la Mama

Elberfeld,
Alhamisi, 17 Septemba 1891.
Asubuhi ukungu na baridi kidogo. Mto Wupper leo ni wa zambarau kwa rangi zinazomwagwa na viwanda.

Mpendwa kaka Gebhard,

Nakusalimu wewe, wifi Alwine na watoto. Je, kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Baba anachechemea, lakini mkongojo hataki kuuona.

Sasa habari za mdogo wetu Reinhold. Ulipohamia Amerika ulimwacha akisaga dawa dukani kwa mfamasia. Tangu hapo amesomea kemia, akapata shahada ya udaktari, na huu ni mwaka wake wa tatu wa kutengeneza rangi kiwandani. Manjano yake ilipauka juani, kijani ikashindwa na sabuni. Mkurugenzi akamwambia wazi: asipoleta nyekundu ya pamba isiyochuja kabla ya Oktoba, atafute kazi kwingine.

Nyekundu aliipata, ila aliijaribu kwa maji ya uvuguvugu tu. Aliogopa kuichemsha. Jumatatu, siku yetu ya kufua, Mama aliiokota chumbani kwa Reinhold leso aliyoitia rangi hiyo kwa majaribio, akaitumbukiza kwenye sufuria la maji yanayochemka pamoja na shuka na mashati meupe yote.

Reinhold akaiona inazunguka kwenye povu. "Mama, umeniua! Hiyo bado!"

"Rangi inayoogopa maji ya moto, mwanangu, itaolewa na nani?"

Alipotaka kuichomoa, Mama alimchapa mkono kwa mwiko. "Toka hapa! Nguo hutoka zikishachemka, uwe daktari usiwe daktari."

"Na nikifukuzwa kazi?"

"Utakwenda kuomba nyingine umevaa shati la rangi ya waridi."

Tulisubiri, hakuna aliyecheka. Mama alipolinyanyua shati la Baba la kanisani, lilikuwa jeupe pe! Leso nayo nyekundu vilevile, kama kilemba cha jogoo.

Jana Reinhold alivipeleka vyote viwili, shati na leso, kwa mkurugenzi, naye akataka leso ichemshwe tena mbele ya macho yake. Haikuchuja hata tone. Reinhold sasa ndiye mkuu wa maabara ya rangi nyekundu, kwa mkataba wa miaka mitano.

Jioni hii amerudi na furushi la vitambaa vya bluu. "Mama, Jumatatu vichemshe, wala usinihurumie." Baba ameshayaficha mashati yake.

Wote wanakusalimu, na shangazi Hedwig zaidi. Mungu awalinde huko Milwaukee na kuwajalia majira mema ya baridi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Ottilie

Saa nne na robo usiku. Nazima taa, nalala.