Navua Sweta Nipigwe Picha

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, maana nikikueleza kilichonilaza kitandani siku tano hata mimi naona ni upuuzi. Mume wangu ni fundi cherehani wa nguo za kike, mikono yake haina mfano, na mimi niko mbali naye mwaka wa tatu sasa, naosha vyombo kwenye jiko la hospitali katika mji ambao nusu ya mwaka ni theluji, na kila baada ya miezi mitatu hunitumia kifurushi, ndani yake gauni, safari hii shifoni, safari ile mgongo wazi, yote mazuri mpaka nalia, yote yananikaa kama alinipima jana wakati vipimo ni vya daftari lake la zamani, na kikaratasi amekichomeka kwa pini: "Vaa nikuone."

Basi navaa. Mpishi wetu, mama mmoja mcheshi, hunishikia jaketi na sweta nje ya mlango wa jiko, nasimama kwenye theluji na gauni langu, natabasamu, yeye anapiga picha mbiombio huku akinigombeza, "Wewe dada, utakufa na urembo wako!", kisha narudi ndani meno yanagongana, naituma, na mume wangu anaibandika ukutani pale anaposhonea, wateja wanaagiza mshono uleule, naye anajigamba, "Mnamwona mke wangu? Baridi haimwezi." Mshauri, baridi inaniweza. Mwezi uliopita iliniingia kifuani, daktari akasema nimonia, nami nikamwambia mume wangu simu iliharibika.

Ukweli ni kwamba siku zote navaa jaketi la marehemu mume wa mpishi, linanifika magotini, mikono nimeikunja mara mbili, na nikitoka kazini napishana na wanawake wamevaa makoti ya sufu yaliyobana kiuno, buti, skafu zimefungwa kwa madaha, wamependeza na joto wanalo, natamani sana kuwa vile, siku moja niliingia dukani nikajaribu koti la rangi ya damu ya mzee, likanitoa haswa, nikalivua haraka kama mtu aliyefumaniwa, maana nilijiona nimevishwa na mkono wa mtu mwingine. Kifurushi kikifika nakinusa kwanza, bado kina harufu ya mafuta ya cherehani, na hamu yake inanishika. Sasa ameniambia anataka kukata gauni jingine, lisilo na mikono, la picha ya bango jipya la duka. Nikimwambia siwezi kulivaa, si nitakuwa nimemkataa yeye mwenyewe? Nifanyeje?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, kwanza funga zipu ya hilo jaketi, halafu tuzungumze.

Unampenda mumeo, hilo halina ubishi, na barua yako imenigusa. Lakini una akili timamu kweli? Nimonia unaifunika kwa kusingizia simu? Ukizikwa na shifoni yako, hilo bango litamfaa nini? Na huyo mpishi anayegombeza huku akipiga picha, mwambie nina maneno naye.

Mumeo sioni kosa lake. Hajawahi kukanyaga theluji, na wewe kila miezi mitatu unamtumia ushahidi kwamba theluji si kitu. Unalia hamu, mwanangu, kumbe mtu unayemtamani umemfungia mlango mwenyewe. Hajui unavaa nini, hajui uliugua, hajui hata kwamba kuna koti lilikupendeza. Mke anayemwona ukutani pale ni yule aliyeagana naye miaka hiyo.

Magauni yake usiyaache sandukuni. Ndani weka fulana nyepesi ya sufu yenye shingo ndefu, soksi nzito za kubana, juu mkanda kiunoni, chini buti. Hata la mgongo wazi linavalika hivyo, na utapendeza. Kisha vaa sweta lako nene, mpe mpishi utepe wa kupimia, akupime juu ya sweta hilohilo: mabega, kifua, kiuno, urefu mpaka chini ya goti. Mtumie fundi wako vipimo hivyo pamoja na picha moja ukiwa ndani ya jaketi la marehemu, machozi ya baridi yakikutoka, bila kutabasamu kama hujisikii. Mwambie unataka koti la sufu nzito, bitana nene, kola ya kupanda. Na rangi uliyoipenda mtajie, usione haya, ni mumeo.

Unaogopa atajiona amekataliwa. Fundi hakasiriki kuletewa kipimo sahihi, binti. Atakasirika kwamba ameshona muda wote huu nguo zinazokugandisha na wewe umekaa kimya. Akasirike, yatapita. Juu ya vipimo andika lile ulilomficha mpaka leo: nasikia baridi, mume wangu. Na mpigie sasa hivi, kabla hajakata kitambaa.