Maji Chini ya Kitanda cha Mama

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefagia, nimechota, nimepika uji, nimempelekea mama chumbani. Kama jana. Kama juzi. Tangu baba afariki mwezi wa nane niko hapa Kanyenye. Mama yuko eda, hatoki nje mpaka katikati ya Desemba. Miguu yake ni mimi. Nimechoka, na wa kumwambia sina.

Leo nimeona ukuta wa chumba chake umelowa, kuanzia chini mpaka usawa wa goti. Mvua yenyewe bado haijaanza. Nyumba hii ni ya matofali mabichi, aliijenga babu. Saruji ni ya juu juu tu. Udongo ukinywa maji unarudi kuwa tope. Nimefunga bomba zote nikaenda kutazama mita. Inazunguka.

Jumanne, 5 Novemba

Fundi Masanja amekuja na baiskeli kutoka Itetemia. Swali la kwanza: koki ya kuzimia maji iko wapi? Nimemwonyesha zege.

Ndiyo, zege. Kaka yangu Hamisi alitaka wageni wa hitima ya arobaini wakae pazuri. Akamwaga zege ua mzima. Mita wakaiachia tundu, koki wakaizika. Watu wakasifu, ua umependeza. Sasa maji hayazimiki. Hamisi karudi zake Dar, anasimamia kwa simu, kila akipiga ana wazo jipya. Si aje mwenyewe!

Ofisi ya maji wamesema watakuja kufunga kule barabarani, ila bomba kubwa limepasuka kwingine na mafundi wote wako huko. Tusubiri.

Masanja ameweka nondo sakafuni, sikio juu yake. Kasikiliza weee. Anasema tangu maji ya ziwa yafike mjini presha imepanda, mabomba ya wazee yanaachia. Kisha akanyoosha kidole kwenye pazia la mama. Ni chini ya kitanda chake.

Jumatano, 6 Novemba

Mama amekataa. Mwanamume wa nje haingii chumba cha eda. Na yeye hatoki.

Nimemwita shehe. Kasimama nje ya pazia, kasema kwa upole kwamba dharura ina hukumu yake, nyumba ikitishia kuanguka mjane anahama na wala hana dhambi. Mama akaitikia vizuri kabisa. Ahsante shehe, nimekusikia. Hakusogea hata shubiri.

Nimemkasirikia. Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema: nimemkasirikia mama yangu, na yeye ni mjane. Mgongo unaniuma kwa kukamua matambara. Masanja anavunja zege kutafuta koki, anabahatisha. Aliyejua ilipo ni baba. Unyevu umefika usawa wa kiuno.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua ya kwanza. Na kubwa.

Alasiri mama akiwa kwenye msala, kipande cha ukuta kimeangukia kitanda. Juu ya mto. Pale pale panapokaa kichwa chake. Nimepiga ukelele mpaka jirani kaja. Mama akamaliza sala, akatoa salamu, akageuka kuutazama mto.

Nikamwambia, "Mama, unataka nikuzike na wewe mwaka huu huu?" Nikalia bila haya.

Ndipo aliposema. Kumbe maji hayo anayasikia tangu arobaini. Alfajiri, mtaa ukiwa kimya, chini ya kitanda, chwaaa. Saa ambayo baba alikuwa akitawadha kwenye bomba la uani, chini ya dirisha, miaka yote ya ndoa yao. Akasema, "Najua si yeye. Sijawehuka. Ila nilikuwa napata usingizi."

Nikaanza kuokota vipande vya udongo juu ya mto.

Akakusanya kanga zake, akahamia chumbani kwangu. Kwa sharti moja: sakafu ivunjwe upande wa kabati, sio pale baba alipokuwa akitandika msala. Sakafu ile aliisakafia mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba

Koki imeonekana asubuhi. Ilikuwa karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo nimepita na ndoo wiki nzima. Maji yamezimwa.

Masanja akavua viatu mlangoni. Akatoa shikamoo kwenye pazia la chumba changu, na mama akajibu, marahaba baba, pole na kazi. Ameegemeza ukuta kwa magogo kwanza, ndipo akavunja, upande wa kabati kama alivyoambiwa.

Kiungio cha bomba kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekazwa kwa waya. Kazi ya baba hiyo. Kila kitu katika nyumba hii alikifunga hivyo, mpini wa jembe, mguu wa kiti, hata miwani yake. Masanja akacheka, akasema mzee alikuwa fundi, mpira wake ulitosha kwa maji ya zamani, haya mapya yana kiburi. Nami nikacheka. Kisha nikaenda jikoni nikalia tena. Mpira nimeuosha. Sijui wa nini.

Hamisi kapiga kuuliza zege lake limevunjwa kiasi gani. Nimekata simu.

Jumamosi, 9 Novemba

Kiungio kipya kimefungwa, maji yamefunguliwa tena, na mita imesimama. Ukuta utajengwa upya kuanzia keshokutwa. Ningelala siku nzima, lakini nani atapika?

Mama hakulala usiku. Tuko kitanda kimoja, nimemsikia akigeuka huku, akigeuka huku. Asubuhi nimemuuliza kama godoro langu linamuumiza. Kasema hapana, kumenyamaza tu.

Jumapili, 10 Novemba

Tena hakulala. Kabla ya adhana nimetoka uani. Siku zote natawadha bafuni kwa kopo. Leo nimekwenda kwenye bomba la baba, nikalifungua, nikaosha mikono, uso, miguu, taratibu. Nilipomaliza sikulifunga mara moja.

Niliporudi, mama alikuwa anakoroma. Mwadhini akaanza. Nimekaa pembeni ya kitanda, nimemwacha kidogo kabla ya kumwamsha.