Hakimu Ameuliza Unakaa Wapi

Kadutu, Bukavu
Tarehe 12 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Ignace,

Nakusalimu. Habari za Shabunda, habari za dhahabu? Natumaini u mzima, unakula, unalala, na simu yako isiyopokelewa nayo ni nzima. Sisi huku tunapumua. Mama presha inampanda na kushuka. Leo asubuhi amekunywa uji, akauliza kama umepiga. Nimemwambia ukweli: hapana.

Unajua kwamba Papa Bulonza alinishitaki kwa deni lako. Ulikopa kwake, mimi nikaweka saini ya kukudhamini, na nyumba aliyotuachia baba ikasimama rehani nyuma ya saini hiyo. Karatasi ya kuniita tribinali, mahakamani, ilipofika nilikutafuta hadi nikachoka. Mwishowe ukanitumia sauti fupi kwa WhatsApp: “Yaya, dada yangu mukubwa, usiogope. Ona Maître Jean-Claude, ni mutu wangu.”

Nilikwenda kwa huyo wakili, mtu wako. Alinipokea kwenye nganda, mbele ya chupa za bia, wala si ofisini. Alichukua pesa yangu bila kunipa risiti. Kisha akasema, “Maman, siku ya kesi bakia ku nyumba. Mimi njo nitasema.”

Nami ningebaki, Ignace. Hata nilimshukuru.

Aliyeniokoa ni Maman Delphine, tunayeimba naye katika kwaya ya parokia. Aliniuliza, “Ofisi yake iko wapi? Risiti iko wapi? Jina lake uliliuliza kwa barreau, kule kwenye chama cha ma-avoka?” Tukashuka wote mjini. Sekretari wa kule alitafuta katika daftari la majina, akarudia, akalifunga. “Huyu hatumujue.” Maître wako si avoka, si wakili. Ni mtu mwenye koti zuri.

Palepale wakanielekeza kwa wanaosaidia watu wasio na uwezo, na huko nikampata wakili, Maître Francine. Alisoma makaratasi yangu yote kabla ya kufungua mdomo. Halafu akasema, “Maman, sitakudanganya. Deni iko, na saini ni yako. Lakini faida zenye huyu muzee anaongeza juu ya deni, sheria haizikubali. Na mwenye alikula makuta, pesa za deni, njo wa kwanza kulipa. Ungekosa kutokea siku ya kesi, wangehukumu bila wewe, na nyumba ingeenda.”

Hakuniahidi kitu. Ndiyo sababu nilimwamini.

Siku ya kesi nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Kwenye korido nikamkuta Jean-Claude amesimama na Papa Bulonza, wanacheka kama watu wa harusi moja. Aliponiona, kicheko kikamkauka. Nilimuuliza mbele ya watu: “Nani alikutuma kwangu?”

“Maman, usinisumbue!” akasema. “Ignace njo alipanga. Nyumba iuzwe, deni yake iishe, naye abakie na kitu kidogo. Muulize yeye!”

Papa Bulonza aliangalia viatu vyake. Hakumkanusha.

Mgeni angeniibia ningelia yakaisha. Lakini wewe ulitaka kumtoa mama yako nje na godoro lake, na mimi nibaki nyumbani siku hiyo nikikuombea rozari.

Hakimu amezikata zile faida. Ameamuru pia kwamba nyumba isiguswe mpaka wewe mwenyewe uitwe na kuulizwa. Papa Bulonza alitoka bila kuaga.

Ndipo hakimu akauliza unapatikana wapi. Maître Francine akaninong'oneza, “Hakuna mutu anakulazimisha, maman.” Nilisogea mbele ya hakimu. Kisha nikasema yote: jina lako kamili, duka unaponunulia dhahabu, nyumba unayopanga nyuma ya soko, hata jina la Laurette, ambaye mama hajui kwamba unaishi naye. Karani aliandika polepole. Nilimngoja amalize.

Nyumbani nilimweleza mama. Alifunga kilemba chake upya. “Aje,” akasema. “Nataka kusikia sauti yake akijibu.”

Usimtume mtu wako mwingine. Ukitaka avoka, mtafute mwenye ofisi na jina linalojulikana. Maître Francine ni wangu.

Mugisho na Agathe, watoto wangu, wanakusalimu wewe tonton wao, mjomba. Sijawaambia kitu. Maman Delphine hakutumii salamu, na sikumwomba.

Mungu akulinde katika njia ya Shabunda, mvua hizi zimeiharibu. Akufikishe mzima, bila jeraha na bila kisingizio, mbele ya hakimu.

Mimi dada yako, ambaye kukupenda kumekuwa kazi ngumu,

Apolline