Sheria ya Nyuso na Bibi Harusi wa Kashozi

Izigo, Novemba 1974

Mdogo wangu Clavery,

Natangaza rasmi kwamba jogoo wako ameacha kuwika alfajiri, sasa anawika saa saba mchana. Kamati ya kijiji bado haijamjadili.

Imejadili nyuso. Kwa kuwa wenye magendo ya kahawa hupita wamejifunika, sasa ni marufuku kujifunika uso barabarani. Wakwe zetu wa Kashozi wakatuma neno: binti yao Kokuberwa, ambaye kwa mila huja amefunikwa, akifunuliwa na mgambo siku ya harusi, mwanangu asahau kumwoa.

Nikaenda mkutanoni. "Ndugu Mwenyekiti, binti yako akiolewa naye mtamfunua?"

"Wangu anajulikana."

"Sheria inayoishia mlangoni kwako si sheria. Na huyu wa kwetu hajavusha hata punje ya kahawa. Mnataka kumwaibisha ili wenye magendo waogope. Mtu si sanamu ya kutishia ndege shambani."

"Mzee Mushumbusi, umeanza kusoma vitabu tena?" akauliza Mwenyekiti.

Walicheka, lakini mikono ikanyooshwa: bibi harusi apite alivyofunikwa, na mgambo wana wajibu wa kumheshimu.

Kokuberwa alifika Jumamosi, shuka usoni, na mama yetu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mvua ilikuwa kubwa. Mgambo hawakutoka, si wa kumfunua wala wa kumheshimu.

Kaka yako,
Mushumbusi