Mvua ya Miaka Mia Haijaisha

Nairobi, Alhamisi, Septemba 1956

Dada yangu Mwanakombo,

Shikamoo. Nianze na habari, hali nitakuuliza baadaye. Jana mchana mtaalamu wa serikali anayepiga hesabu za mvua hapa alinieleza kwamba bahari ya pwani yetu imepata joto kupita kawaida, na kwamba katika miaka ya namna hiyo vuli mara nyingi imekuwa nzito. Vipimo vinatoka kwenye meli: mabaharia huteka maji kwa ndoo na kutumbukiza kipimajoto.

Kwa hiyo shemeji asichimbie nguzo hata moja kule bondeni.

Sasa, hujambo? Mguu umepona? Mimi mzima, ila baridi ya huku haijanizoea.

Barua yako ilisema kwamba baada ya mafuriko ya masika jumbe wa kijiji aliwakusanya akawaambia, "Mvua ile huja mara moja katika miaka mia. Imeshakuja. Rudini mkajenge." Ulipokataa, shemeji akakutania: "Kwani wewe unataka kuishi miaka mia mingine uingoje?" Maji yale yalimchukua mama yake mzazi akiwa kitandani, na bado anasema hivyo. Simlaumu. Ameambiwa na wakubwa.

Nilimsomea mtaalamu maneno ya jumbe. Akatabasamu.

"Mvua haina kalenda," alisema. "Chukua kapu la kete mia, moja nyeusi, ndiyo mvua ile. Kila mwaka unachomoa moja bila kuangalia. Ukitoa nyeusi, unairudisha kapuni. Mwaka wa pili iko mle mle."

"Na bahari ikipata joto?"

"Nadhani kete nyeusi huongezeka. Ngapi, sijui bado."

"Mbona watu wetu wameambiwa imekwisha?"

"Mimi sikuandika hivyo katika ripoti yangu. Walioitafsiri kwa Kiswahili ndio walioandika."

"Tafsiri uliiona?"

"Niliiona."

"Ukasemaje?"

"Sikuulizwa," akasema, akaendelea kukoroga chai yake. Nilimwomba aandike mstari mmoja tu wa kusahihisha. Akasema hiyo si kazi yake. Chai yangu niliiacha mezani.

Sababu nimeipata kwa simu, kwa karani wa ardhi wa Tanga, wala hakuificha. Kule juu mlikokimbilia kumeombwa kwa shamba la mkonge. "Wakirudi bondeni kwa hiari yao," alisema, "hatuna haja ya kumfukuza mtu." Dada, nimeandika gazetini habari za wezi na wauaji, nikarudi nyumbani nikala. Safari hii nimeisukuma sahani, nikachukua kalamu. Mwizi huja usiku kwa kuwa anajua anachofanya ni aibu. Hawa wamekuja mchana, na hesabu sahihi mkononi, wakaigeuza kuwa uongo, na aliyeipiga anawatazama.

Nimeomba ruhusa kazini. Jumapili napanda gari moshi mpaka Tanga, nilale kwa shangazi Chumbageni, kisha nitafute lori la kuja kwenu. Nakuja na kapu na kete mia za bao, moja nimeipaka wino. Jumbe atachomoa mwenyewe mbele ya watu, arudishe, achomoe tena, mpaka shemeji aelewe.

Msalimie mwalimu wa chuoni, na jirani yako mfinyanzi, na wanao wote. Mwambie binti yako mkubwa kitambaa chake ninacho.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani

Baraza la jumbe, kama ulivyoniandikia, ni Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Mpaka hapo nguzo zilale chini.